Kutunga Mila ya Nyumbani: Utendi wa Mwana Kupona kama Miviga ya Familia

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa ataje miviga anayoifahamu, jibu huja mbio: jando, unyago, arusi, matanga, kutawazwa kwa viongozi. Akiulizwa sifa zake, atasema ina utaratibu maalum, hufanyika mahali maalum, huwa na viongozi na vifaa vyake, na huandamana na mawaidha. Majibu hayo ni sahihi na hutuzwa alama. Ila yana kasoro moja. Yanamfanya mwanafunzi aamini kwamba miviga ni mali ya jamii nzima, ya uwanjani na ya umati, na kwamba nyumbani kwao, baina ya mzazi na mwana, hakuna jambo la aina hiyo linaloweza kutendeka.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba fasihi yetu ina mfano mzuri wa miviga iliyobuniwa na mtu mmoja kwa ajili ya familia yake: Utendi wa Mwana Kupona. Mara nyingi shairi hili hufundishwa kwa swali moja tu, yaani nafasi ya mwanamke. Darasa hugawanyika pande mbili, upande mmoja ukimsifu mama kwa maadili, upande wa pili ukimlaumu kwa kumfunga binti kwa mumewe. Mjadala huo una maana, nasi tutaurejelea. Hata hivyo, tukianza na kuishia hapo tunaliacha jambo kubwa zaidi: namna mama huyu alivyoitengeneza mila ya nyumbani hadi ikapita mlango wa nyumba yake na kudumu zaidi ya miaka 160.

Hoja yetu ni hii. Mila ya familia hudumu kwa sababu kuna mtu aliyeipa umbo: mahali pa kukaa, kitu cha kushika, maneno ya kusema na zamu ya kila mmoja. Anayelirithi umbo hilo halazimiki kurithi kila agizo lililomo ndani yake. Mwalimu na mtahiniwa wakizitenga sehemu hizi mbili, wataweza kulisoma shairi bila kulisujudia na bila kulitupa.

Usuli wa utendi

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate yapata mwaka wa 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, kiongozi wa Siu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Siu ilisifika kwa kuupinga utawala wa Sayyid Said wa Unguja, na Bwana Mataka alikuwa katika mstari wa mbele wa upinzani huo. Alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1858, sawa na 1275 Hijria, mjane wake alitunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya binti yao, Mwana Hashima. Mama mwenyewe alifariki yapata mwaka wa 1860, huko Lamu.

Mhakiki asiyapuuze matukio haya. Hapa pana nyumba ya kiongozi iliyopoteza baba, katika mji uliozongwa na vita vya kisiasa, na mama ambaye anasema waziwazi katika beti za mwanzo kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia bintiye neno jema. Kitu gani anaweza kumwachia? Mali hunyang'anywa, cheo cha mume kimekwenda naye kaburini. Kilichobaki ni maneno. Lakini maneno matupu husahaulika. Ndipo alipoamua kuyawekea utaratibu.

Ipo hoja nyingine ya kimila ambayo mara nyingi hatuitaji darasani. Kwa desturi ya pwani, mafunzo ya unyumba hutolewa na somo, au kungwi, mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari ili amfunze. Mama mzazi aghalabu hukaa kando. Kwa hivyo Mwana Kupona anapomwita bintiye na kumwelekeza mwenyewe, hafuati tu njia iliyokwisha kukanyagwa. Anaongeza kitu kipya juu ya kile kilichopo. Hamfukuzi somo wala haukatai unyago, ila anaanzisha kikao cha pili, cha mama na binti, kikiwa na masharti yake. Huu ndio mwanzo wa mila: mtu anachukua vipande vinavyojulikana na jamii yake, kisha anavipanga upya kwa haja ya nyumba yake.

Sifa za miviga katika utendi

Hebu tuzichukue zile sifa za miviga tunazowafundisha wanafunzi, tuzipime katika shairi hili moja baada ya nyingine.

Kwanza, miviga huwa na mahali na mkao maalum. Utendi unaanza kwa kumwita binti asogee, aje mbele, aketi. Si mazungumzo ya kupita, ya mtu aliye mlangoni na mwingine aliye jikoni. Kuketi ni sehemu ya tendo lenyewe.

Pili, miviga huwa na vifaa. Binti anaambiwa aje na wino na karatasi. Vifaa hivi viwili vinabadilisha uhusiano wa wahusika. Mama ndiye msemaji, lakini kalamu iko mkononi mwa binti. Anayepokea wosia ndiye anayeuandika, na anayeuandika huwa ameshiriki kuufanya. Ni kweli kwamba mama angeweza kuandika mwenyewe au kumwita karani wa kiume. Badala yake anamfanya msichana kuwa mwandishi wa urithi wake. Mtahiniwa anayedai kwamba binti katika shairi hili hana nafasi yoyote ila kusikiliza, ameruka ubeti huu.

Tatu, miviga huandamana na matendo na mapambo. Baada ya kuandika kwaja hirizi ambayo binti anapewa aifunge kwa uzi, kisha kidani cha lulu na marijani ambacho mama anamtungia avae shingoni. Wahakiki wengi huishia kusema kwamba haya ni mafumbo au istiara, nao wamesema kweli. Hata hivyo tunapaswa kuuliza: mbona hirizi, wala si kitu kingine? Anayeijua hirizi ya pwani anafahamu kwamba ndani yake mna maandishi. Karatasi iliyoandikwa hukunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa, kisha ikafungwa mwilini kwa uzi. Hirizi ni maandishi yanayovaliwa. Kwa hivyo karatasi ile ile ambayo binti aliambiwa aje nayo ndiyo inayogeuka hirizi. Picha hizi zina mfuatano: keti, andika, funga, vaa. Ule ni utaratibu kamili wa miviga.

Nne, miviga huwa na mawaidha. Sehemu kubwa ya utendi ni hiyo. Binti anahimizwa ashike dini, awe na adabu, awe mkweli, ajihadhari na wajinga, awasaidie wahitaji. Kisha anaelezwa kuhusu radhi tano ambazo kiumbe anazihitaji ili apate raha duniani na akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume.

Tano, miviga nyingi hufungwa kwa dua au baraka. Mama anawaombea watoto wake na ndugu zake, anajiombea mwenyewe afya na msamaha, na mwishoni anawaalika wanawake wengine wausome utendi huo. Hapo kikao cha watu wawili kinafunguliwa mlango. Kilichoanzia chumbani kinakuwa cha mtaa, na hatimaye cha pwani nzima. Baada ya kunakiliwa kwa hati za Kiarabu, kilikuja kuchapishwa kwa hati za Kirumi. Alice Werner na William Hichens walikitoa kama kitabu mwaka wa 1934, na J. W. T. Allen akakitia katika mkusanyiko wake wa tendi mwaka wa 1971.

Kutunga shanga, kutunga beti

Mwanafunzi huulizwa kuhusu umbo la utendi na hujibu kwa kukariri: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina cha bahari kinachokariri toka mwanzo hadi mwisho. Jibu hili hupata alama lakini halimfaidi msomaji kama haelezi umbo hilo linafanya kazi gani.

Lugha yetu yenyewe inatupa ufunguo. Neno kutunga lina matumizi mawili yanayohusiana: tunatunga shairi na tunatunga shanga. Aliyewahi kumtazama mtu akitunga shanga ameona jinsi kila ushanga ulivyo na rangi yake, lakini zote zikipitiwa na uzi mmoja. Katika utendi huu kila ubeti una vina vyake vya ndani, vinavyobadilika kila mara, huku kina cha bahari kikipita katikati ya beti zote 102 bila kukatika. Kina hicho ndicho uzi. Mama anaposema anamtungia bintiye kidani, anasema jambo ambalo sikio linalithibitisha wakati huo huo.

Kuna faida ya kivitendo pia. Mila isiyokaririka hufa na mwenyewe. Mizani minane ni mifupi, hushikika kichwani. Kina kinachorudi humkumbusha msomaji mahali alipo. Mama mgonjwa hakuwa na hakika ya siku zake, hivyo alichagua umbo linaloweza kubebwa na kumbukumbu hata karatasi ikipotea. Kwa maneno mengine, fani hapa si pambo lililobandikwa juu ya maudhui. Fani ndiyo iliyoiwezesha mila kusafiri. Mtahiniwa akilieleza jambo hili, atakuwa ameonyesha uhusiano wa fani na maudhui, swali ambalo wengi hulijibu kwa kutaja tamathali na kuziacha hapo.

Maagizo yenye utata

Sasa tulirejelee lile swali gumu. Hatuwezi kuwafundisha wasichana wa leo utendi huu tukajifanya kwamba hatuyaoni maagizo yake kuhusu mume. Binti anaelezwa kwamba hatima yake ya akhera inategemea radhi ya mumewe. Anaelekezwa asimwamshe ovyo akilala, ampepee, amtunze mwili wake, asitoke nyumbani bila idhini yake. Katika darasa langu, kama ilivyo katika madarasa mengi, wasichana hunyamaza wanapofika hapa, kisha mmoja huuliza: mwalimu, je, sisi pia tumefungwa na maneno haya?

Swali hilo halistahili kuepwa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, ibara ya 45, inasema kwamba wahusika katika ndoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa maisha ya ndoa na wakati wa kuivunja. Msichana anayefanya mtihani wetu ataishi chini ya sheria hiyo. Mwalimu anayemwambia kwamba maagizo yote ya mwaka wa 1858 ni ya kufuatwa neno kwa neno atakuwa anamnyima haki yake. Mwalimu anayemwambia kwamba shairi zima ni la kutupwa kwa ajili ya maagizo hayo naye atakuwa anamnyima urithi wake.

Wahakiki wameonyesha njia mbalimbali za kulisoma tatizo hili. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka wa 1991, alipendekeza kwamba lugha ya utii katika utendi huu isichukuliwe juujuu, kwani inaweza kubeba kejeli na maarifa ya mwanamke kuhusu nguvu. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ule ambapo binti anaambiwa amtunze mumewe kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Je, ni nani mwenye nguvu katika picha hiyo? Mtoto anaheshimiwa, anapambwa, anabembelezwa, lakini mwenye kujua anachohitaji ni mlezi. Usomaji huu hauwalazimishi wote kuukubali, na mwenye kuupinga anaweza kuuliza kama mama mcha Mungu aliye kitandani alikuwa na haja ya kufanya kejeli. La muhimu kwa mtahiniwa ni kuona kwamba ubeti mmoja unaweza kubeba maana mbili, na kwamba kazi yake ni kutoa ushahidi kutoka katika shairi kwa maana anayoitetea.

Nadhani lipo jibu lingine, lililo ndani ya utaratibu wa miviga yenyewe. Mama alimpa bintiye kalamu. Anayepewa kalamu na kufundishwa kutunga amepewa uwezo wa kutunga kidani chake pia. Maagizo yalikuwa ya wakati wake: ya mjane wa kiongozi, Mwislamu wa Pate wa karne ya 19, aliyetaka bintiye awe salama katika dunia ambamo usalama wa mwanamke ulipitia kwa mumewe. Umbo ni la wakati wowote: mzazi anaketi na mwanawe, anamweleza kwa nini, anampa kitu cha kushika, anamwombea. Msichana wa leo anaweza kulirithi umbo akaandika ndani yake maneno mengine.

Umbo linaporithiwa: Shaaban Robert

Kwamba hili linawezekana, fasihi imekwisha kulithibitisha. Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia binti yake Mwanjaa utendi unaojulikana kama Utenzi wa Hati. Anaanza kwa kumtaka binti aketi kitini aandike hati ya wasia. Msomaji anayemjua Mwana Kupona anaitambua sauti hii mara moja: kuketi, kuandika, wasia kutoka kwa mzazi. Takriban karne moja imepita, mahali pamebadilika kutoka Pate hadi Tanganyika, lakini kikao ni kile kile.

Tutazame kilichobadilika. Msemaji sasa ni baba. Mila iliyoanza kama jambo la mama na binti imemfanya mwanamume aketi na msichana wake, amshauri kwa upole kuhusu maisha. Zaidi ya hayo, Shaaban Robert hakuishia kwa binti. Alimtungia mwanawe wa kiume utendi wake, Utenzi wa Adili. Katika utendi wa mwaka wa 1858 anayeketishwa kufunzwa namna ya kuishi na mwenziwe ni binti peke yake. Kwa Shaaban Robert mvulana naye ana wosia wake, naye ana adili za kuzishika. Maneno yaliyomo yanaweza kujadiliwa, yakasifiwa au kukosolewa, lakini kwa kubadilisha tu ni nani anayezungumza na ni nani anayeketishwa, mshairi ameipanua mila bila kuivunja.

Hapa mtahiniwa anapata hoja nzuri ya mwingilianomatini, yaani namna matini moja inavyoijibu nyingine. Asiseme tu kwamba mshairi wa pili amemwiga wa kwanza. Aonyeshe ni kipi kilichochukuliwa, ni kipi kilichoachwa, na mabadiliko hayo yana athari gani.

Mila isiyo na sauti: Bembea ya Maisha

Kwa upande wa pili tunaweza kuitazama tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, ambayo watahiniwa wa KCSE wa miaka ya karibuni wameisoma kama kitabu teule. Tamthilia hii inahusu familia ya Yona na Sara, na mila ni mojawapo ya maudhui yake makuu. Wazazi hawa walijaliwa mabinti watupu, na masimango ya jamii iliyothamini mtoto wa kiume yakachangia kumsukuma Yona katika ulevi na ugomvi. Sara anapougua, bintiye Neema ndiye anayemgharimia matibabu, lakini Bunju, mumewe Neema, anashikilia desturi kwamba mkwe halali nyumbani kwa mkwewe.

Linganisha desturi hii na kikao cha Mwana Kupona. Huku, mila inatajwa kama amri. Haina mtu anayeketi na kuieleza, haina sababu inayotolewa kwa anayeumia kwayo. Huenda wakati fulani desturi ya wakwe ilikuwa na maana yake, ya kuhifadhi heshima baina ya pande mbili. Lakini mgonjwa anapohitaji kitanda na mila ikasimama mlangoni, imekwisha kupoteza kazi iliyoanzishiwa. Mila ya namna hii ni umbo lililobaki bila sauti ya mzazi ndani yake.

Tamthilia haiishii kwenye lawama. Yona anayebadilika na kuingia jikoni kumpikia mkewe mgonjwa anafanya jambo ambalo mazingira yake hayalitarajii kwa mwanamume. Ni tendo dogo. Lakini mila za familia huanza kwa matendo madogo yanayorudiwa. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu migogoro ya kimila katika tamthilia hii asimalize jibu kwa kuorodhesha mila zilizopitwa na wakati. Aonyeshe pia mahali ambapo wahusika wanaanza kutengeneza nyingine.

Kazi ya darasani

Mwalimu mwenzangu, napendekeza kazi ya nyanjani ambayo haihitaji nauli wala barua ya ruhusa. Kila mwanafunzi achunguze jambo moja ambalo familia yake hulitenda kwa kurudia, alieleze kwa istilahi tulizozitumia hapo juu: mahali, mkao, vifaa, maneno, zamu, baraka. Mifano haikosekani. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mpango huo unahakikisha kwamba pande zote mbili za ukoo zinaendelea kuitwa nyumbani. Katika familia za Waislamu, akika hufanywa kwa kawaida siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa: mnyama huchinjwa, mtoto hunyolewa na kupewa jina. Wengine wataleta mambo madogo zaidi, kama vile namna mama anavyomwombea mtoto anayekwenda shule ya bweni kabla hajabeba sanduku lake, au namna familia inavyogawa mahindi ya kwanza ya msimu.

Mwanafunzi ajiulize maswali manne. Nani alilianzisha jambo hili, au nani analikumbuka likianza? Nani huketi na nani huhudumu? Je, msichana na mvulana wana zamu sawa? Likiachwa mwaka huu, nyumba ingepoteza nini? Swali la mwisho ndilo mtihani wa kweli wa mila. Kama hakuna kitakachopotea, basi lilikuwa mazoea tu. Kama kuna kitakachopotea, basi limekwisha kuwa mila, hata kama lilianza mwaka jana.

Tahadhari moja. Wapo wanafunzi ambao nyumba zao zimevunjika, waliolelewa na nyanya, au na wafadhili, au wanaoishi katika makao ya watoto. Kazi hii isiwe ya kuwafedhehesha. Waruhusiwe kuandika kuhusu mila ambayo wangependa kuianzisha siku za usoni. Mwana Kupona mwenyewe alianza katika nyumba yenye pengo. Tukiwaeleza hivyo, watajua kwamba hawajachelewa.

Hitimisho

Tumeona kwamba Utendi wa Mwana Kupona unatimiza sifa za miviga tunazozifundisha: una mkao, vifaa, matendo, mawaidha na dua. Tumeona kwamba umbo lake la kishairi ndilo lililoiwezesha mila ya nyumba moja kufika kwetu. Tumeona pia kwamba maagizo yake kuhusu ndoa yanaweza kuhojiwa bila kuibomoa mila yenyewe, kama Shaaban Robert alivyoonyesha kwa kubadilisha msemaji na msikilizaji. Mhakiki mzuri hatamuuliza Mwana Kupona tu, ulimwambia bintiyo nini? Atamuuliza pia, ulimketisha vipi, na kwa nini ulimpa kalamu? Majibu ya maswali haya mawili yakiwekwa pamoja ndipo shairi linapokamilika, na ndipo msichana aliyeuliza kama amefungwa atakapoona kwamba uzi uko mkononi mwake.

Maswali ya kudurusu

1. Kwa kurejelea sifa tano, thibitisha kwamba Utendi wa Mwana Kupona unaweza kuchukuliwa kuwa miviga. (alama 10)

2. Eleza uhusiano uliopo baina ya umbo la utendi na taswira ya kidani katika shairi hili. (alama 6)

3. "Kurithi mila si kutii kila agizo lake." Jadili kauli hii ukirejelea Utendi wa Mwana Kupona na tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

4. Eleza tendo moja linalorudiwa katika familia unayoifahamu, kisha uonyeshe kama ni mila au mazoea. (alama 8)